Ukuta Kama Diwani: Maandishi ya Sanaa Kibera, 2001–2018

Utangulizi

Historia ya ushairi wa Kiswahili imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na miswada na vitabu. Mhakiki huanzia Pate na Lamu, akapitia Mombasa ya Muyaka bin Haji, akafika kwenye Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi (1954), kisha akaingia katika mjadala wa vina na mizani uliochochewa na Kichomi cha Kezilahabi (1974). Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake. Hata hivyo, wanamapokeo na wanamabadiliko waligombana hasa juu ya shairi lililokwisha kuchapwa. Tungo zisizofika kwa mchapishaji hazikupata wakili katika baraza hilo.

Makala hii inachunguza sampuli moja ya tungo za namna hiyo, yaani maandishi na picha za ukutani katika mtaa wa Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka 2001 hadi 2018. Hoja yake ni kwamba maandishi hayo ni sehemu ya historia ya fasihi ya jiji, na kwamba kuyapuuza ni kuwaachia wengine kazi ya kuamua yapi yakumbukwe na yapi yasahauliwe.

Jina na Ardhi

Kibera yenyewe ni neno lenye historia. Asili yake ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Walioliita hivyo ni askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles na jamaa zao, waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mwaka 1918 eneo hilo, lililokuwa na zaidi ya ekari 4,000, lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Wanubi walikaa hapo kwa idhini bila ya hati. Hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017, karibu miaka mia moja baadaye. Katika muda huo wahamiaji kutoka kila pembe ya Kenya walikuwa wamejenga nyumba za udongo na mabati, na vijiji vya mtaa vikapata majina yake: Makina, Lindi, Laini Saba, Kisumu Ndogo, Soweto.

Mambo haya yana uzito katika uhakiki. Mtu asiyekuwa na hati ya ardhi hana pia hakika ya ukuta, na anayeandika juu ya ukuta usio na hakika anajua kwamba kazi yake ni ya kupita. Hali hiyo ya kupita ni sifa ya msingi ya utanzu huu, kama vile kumbukumbu ya msimulizi ilivyo sifa ya msingi ya ngano.

Maasai Mbili

Mwaka 2001 wachoraji wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la Maasai Mbili. Kazi yao ya awali ilikuwa ile inayojulikana katika kila mtaa wa Afrika Mashariki: kuandika jina la duka, kuchora kichwa kilichonyolewa kwenye mlango wa kinyozi, kupamba ubao wa hoteli. Kutoka hapo walihamia kwenye uchoraji wa sanaa, lakini hawakuiacha lugha ya bango. Maneno na picha viliendelea kukaa pamoja katika kazi zao, na studio yao ikawa shule kwa vijana wengine wa mtaani.

Jina la kundi linastahili kusomwa kwa makini. Kwa sarufi ya Kiswahili sanifu lingekuwa "Wamaasai wawili". Lakini wazungumzaji wengi wa Nairobi huiacha idadi katika umbo lake la kuhesabia, bila ya kuipatanisha na ngeli ya nomino. Mwalimu wa lugha atalisahihisha jina hilo kwa kalamu nyekundu. Mhakiki hana budi kuliacha lilivyo, kwa sababu ndani ya maneno mawili limehifadhi Kiswahili cha mahali na cha wakati wake. Isitoshe, lina kejeli ndani yake. Otieno ni jina la Kijaluo, si la Kimaasai. Katika nchi ambayo jina la mtu husomwa kama kitambulisho cha kabila lake, kujibandika jina la kabila jingine ni mzaha wenye makali. Miaka 6 baadaye makali ya mzaha huo yalidhihirika.

Ukuta Katika Siku za Ghasia

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini kote kabla ya mapatano kutiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya. Soko la Toi liliteketezwa. Reli inayopita katikati ya mtaa kuelekea magharibi mwa nchi iling'olewa. Majirani walioshiriki bomba moja la maji waliulizana majina kabla ya kuulizana hali.

Katika siku hizo msanii Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo 7, alizunguka mtaani akiandika maneno ya amani juu ya kuta, milango na mabati. Hakungoja karatasi wala ruhusa. Maandishi yake yalikuwa mafupi, ya herufi kubwa, na yalirudiwarudiwa hata mpita njia asiweze kuyakwepa. Mojawapo lilichukua muundo wa tangazo la polisi la kumsaka mhalifu, kisha likaupindua: kinachosakwa ni amani, nayo inatakiwa ingali hai. Hapa pana istiari kamili. Amani imefanywa mtu, imefanywa mtoro, na msomaji amefanywa askari aliyepewa jukumu la kuileta nyumbani bila ya kuidhuru.

Swali la lugha haliwezi kukwepwa. Maandishi hayo, angalau yale yaliyopigwa picha na kusambazwa, mengi ni ya Kiingereza. Je, yanaingiaje katika historia ya fasihi ya Kiswahili? Jibu la kwanza ni kwamba hayakuwa peke yake. Kituo cha Pamoja FM, kilichoanza kutangaza humo humo Kibera mwaka 2007, kilikuwa kikiwasihi wasikilizaji wake kwa Kiswahili na kwa Sheng, na maneno ya redioni na ya ukutani yalifanya kazi moja. Jibu la pili linahusu utanzu. Kauli fupi iliyoandikwa mahali pa wazi, isemayo na watu wengi kwa wakati mmoja bila ya kumtaja yeyote, ina ukoo wa zamani katika utamaduni wa Waswahili. Jina la kanga hufanya hivyo, na maandishi ya nyuma ya matatu hufanya hivyo. Mvaaji wa kanga husema na jirani bila ya kufungua kinywa. Asiyehusika hupita, anayehusika huelewa. Ukuta wa Kibera ulisema kwa mbinu hiyo hiyo, ingawa maneno yalikopwa.

Hata hivyo, haifai kutia chumvi. Si kila bango ni shairi, na hakuna ukuta uliomaliza vita peke yake. Linaloweza kudaiwa kwa haki ni kwamba, wakati ambapo kauli za hadharani zilikuwa zikigawa watu, palikuwa na mtunzi aliyetumia nafasi hiyo hiyo ya hadharani kuwasemesha wote.

Macho Juu ya Mabati

Mwanzoni mwa mwaka 2009 msanii wa Kifaransa ajulikanaye kama JR alifunika mita za mraba zipatazo 2,000 za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa mtaa huo. Picha zilichapwa juu ya kitambaa kisichopitisha maji, kwa hiyo zilizuia mvua pia. Nyingine zilibandikwa kwenye mabehewa: macho yalikuwa juu ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso ikawekwa kwenye mteremko chini ya reli, hata treni ilipopita uso ukakamilika kwa nukta chache.

Ni kazi ya kusisimua, na kupita tena kwa treni juu ya reli iliyokuwa imeng'olewa mwaka mmoja kabla kuliiongezea maana. Lakini ulinganisho na kazi ya Solo 7 unafunza jambo. Picha za JR husomeka vizuri zaidi kutoka juu au kutoka mbali, mahali anaposimama mpiga picha. Maandishi ya Solo 7 yalisomeka kutoka kichochoroni, kwa kimo cha mtu anayetembea. Kazi ya kwanza imehifadhiwa katika vitabu na filamu. Ya pili imehifadhiwa kwa bahati, katika picha za waandishi wa habari waliokuja kutafuta moshi.

Hitimisho

Wahakiki humsifu Muyaka kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Huwa wanasahau kwamba soko halikuzihifadhi tungo zake. Zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, miongo kadhaa baada ya mtunzi kufa. Bila ya mkusanyaji, Muyaka angebaki jina tu.

Kibera haijampata Sikujua wake. Mwezi Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakakosa makao. Kuta zilizoanguka siku hizo zilianguka pamoja na chochote kilichokuwa kimeandikwa juu yake. Idara za fasihi za vyuo vikuu vya Nairobi ziko umbali mfupi kwa matatu kutoka hapo. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, mwenye daftari, kamera na subira ya kuwauliza wenyeji nani aliandika nini na lini, anaweza kufanya kazi ambayo kizazi kijacho hakitaweza kuifanya. Rangi ya ukutani haimngoji mtafiti.