Neno la Watu Wawili

Mwezi wa Juni 1947, katika kamati iliyoketi Lake Success, New York, kuandika rasimu ya Azimio la Haki za Binadamu, mjumbe wa China, Peng Chun Chang, aliomba neno moja. Rasimu ilimweleza binadamu kuwa ni kiumbe mwenye akili. Chang, mtunzi wa tamthilia aliyeyajua vyema mafunzo ya Confucius, aliona akili peke yake haitoshi. Alilolitaka ni *ren*, ambalo kwa Kichina huandikwa kwa alama ya mtu na alama ya mbili: ile hali ya mtu kuhisi kuwa mwenziwe yupo. Wajumbe walikubali. Ila Kiingereza hakikuwa na chombo cha kulipakulia neno hilo, wakatia jingine, lile ambalo sisi twalisoma "dhamiri". Anayetunga mashairi aijua hasara hiyo: dhamiri ni ya mtu mmoja, kifuani mwake, *ren* haikamiliki bila wawili.

Mwaka uliofuata, mjini Paris, mabishano yalizidi. Brazil ilitaka itajwe kuwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Chang akakataa, akikumbusha kuwa watu wa kwao ni wengi na wana mapokeo mengine. Waislamu nao hawakuwa na kauli moja. Mjumbe wa Saudia, Jamil Baroody, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo wa Lebanon, alipinga kifungu cha uhuru wa kubadili dini. Zafrulla Khan wa Pakistan alikiunga mkono, na hoja yake aliitoa katika Kurani. Tarehe 10 Desemba 1948 nchi 48 zilikubali, hapana iliyopinga, 8 zilijizuia: Saudia mojawapo, na Afrika Kusini ya makaburu, kila moja kwa sababu zake.

Wasemao kuwa haki hizi ni vazi lililokatwa Ulaya husahau mikono iliyoshika mkasi. Nami siwezi kusema kuwa dunia nzima iliketi pale. Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa hazikuwa na kiti. Uingereza, iliyotutawala, ilipiga kura ya ndiyo. Kenya na Zanzibar ziliingia Umoja wa Mataifa Desemba 1963, maandishi yakiwa yamekwishakauka wino.

Nasi tulikuwa na neno utu. Kwetu asiye na utu hajulikani kwa kukosa akili, hujulikana kwa anavyomtenda mwenziwe. Lakini Azimio lilipofasiriwa kwa Kiswahili, mahali pale pale alipoomba Chang, palitiwa dhamiri.