GARI IKICHOKA: UITENGENEZE AU UIPELEKE KWENYE CHUMA CHAKAVU?

Leo naweka hapa niliyojifunza kuhusu gari iliyochoka, manake nimeyajifunza kwa hela na kwa kugombana na watu wa nyumbani. Mimi sio fundi, nimemaliza form four tu, ila nimeshinda Gerezani na Ilala karibu miezi miwili nikiuliza bei, kwa hiyo ninayoandika nimeyaona kwa macho.

Gari yenyewe ni Corolla 110, namba A. Sasa hivi watu wanatembelea namba E, nyie wenyewe mnaelewa. Baba alituachia alipofariki 2021, na mama alikuwa anaitumia alfajiri kwenda Feri kuchukua samaki wa kuuza huku kwetu Kigamboni. Siku moja anatoka msibani Mbagala ikachemsha pale Bendera Tatu. Moshi mweupe mpaka watu wakafikiri inaungua. Tuliivuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Basi kukawa na kambi mbili. Fundi wetu anasema injini imekufa, tuleta nyingine ya mtumba, na ufundi wake jumla 1,900,000. Baba mdogo anasema hiyo ni kutupa hela, ana mtu wake anakata magari, atatoa 1,100,000 leo hii. Na ndani kulikuwa na akiba ya 2,200,000, ada ya mdogo wangu wa kike anayesoma uuguzi. Mama alitaka gari, hakusema zaidi ya hapo.

Kitu cha kwanza, usikubali neno "tuifungue tuone" kabla gari haijapimwa. Hedi ikishafunguliwa ikawa mezani umeshafungwa, huwezi kuhamia kwa fundi mwingine na kila siku unaambiwa kimepatikana kitu kingine. Kuna vipimo vya kufanya bila kufungua. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Angalia moshi wa ekzosi. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto ni maji, wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli inaingia nyingi kupita kiasi. Huo mweusi usikutishe, mara nyingi ni sensa, plagi au chujio la hewa, na mtu anaweza kuuza gari nzima kwa ujinga huo.

Halafu omba kipimo cha kompresheni. Ni geji inayofungwa kwenye tundu la plagi, fundi anapiga stata, unasoma namba. Pima silinda zote nne na uandike kwenye karatasi. Zikiwa zinakaribiana na ziko juu ya 150, injini bado ina maisha, tafuta ugonjwa pembeni. Ikishuka moja, mwaga oili kidogo kwenye tundu hilo upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Gasketi na kuchonga hedi ni hela ndogo ukilinganisha na injini nzima. Ya kwetu ilisoma 160, 155, 90 na 60, na oili haikubadilisha kitu. Lakini mama aliiendesha ikiwa imechemka mpaka ikazima yenyewe, na hedi za Corolla ni alumini, zikichemka sana zinapinda. Fundi wa pili alisema kuchonga kunaweza kushika au kusishike. Kwa hiyo tukabaki na injini ya mtumba.

Sasa hesabu. Unahitaji namba tatu tu: gari kama yako ikiwa inatembea vizuri inauzwa ngapi leo, matengenezo yote ni ngapi, na ukiiuza ilivyo bovu unapata ngapi. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki kikiwa kidogo kuliko ya tatu, ukitengeneza umekula hasara. Hela mlizoweka mwaka jana kwenye shokamzoba na matairi haziingii humo, zimekwenda. Hapo ndipo wengi tunakwama, "nimeshaitumia milioni gari hii", ndio, na haitarudi.

Kwetu Corolla kama ile ikitembea nilikuta inakwenda kama 3,800,000. Toa 1,900,000 inabaki 1,900,000, ambayo ni zaidi ya 1,100,000 za baba mdogo. Kwa hiyo fundi alikuwa sahihi! Nilimpigia mama simu palepale Ilala. Na kuna sababu nyingine: gari nyingine ya bei hiyo unanunua magonjwa usiyoyajua, na ukisema uagize Japani, ushuru ni asilimia 25, VAT 18, na gari ndogo ikizidi miaka 10 inaongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Ndio maana Bongo tunang'ang'ania gari mpaka inakwisha.

Tulikuwa tumeshakubaliana. Siku ya kuipeleka gereji, kijana wa gereji akapiga jeki upande wa dereva na jeki ikazama. Gari haikunyanyuka, jeki iliingia ndani ya bodi kama kijiko kwenye ugali.

Hapa naomba msome taratibu, ndio sehemu iliyonifanya niandike. Corolla, Starlet, Vitz na ndugu zao hazina chesisi peke yake kama Land Cruiser au Hilux. Bodi ndiyo chesisi. Injini unabadilisha, gearboksi unabadilisha, lakini kutu ikishakula sakafu na ule mkono wa chini ya milango, hakuna cha kubadilisha. Utachomelea vipande juu ya kutu, utapiga puti na rangi, na siku ukigongwa inakunjika na wewe ndani. Ya kwetu ilipanda pantoni miaka mingi. Hata baada ya daraja la Kigamboni kufunguliwa Aprili 2016 baba hakuacha pantoni. Maji ya bahari chini, maji ya samaki juu kwenye kapeti. Tulipofunua kapeti tuliona mchanga wa gereji.

Wa kuchomelea alitaka 1,200,000. Ukijumlisha ni 3,100,000, inabaki laki 7, na hapo bado mnunuzi akichungulia chini hakupi ile 3,800,000. Kwa hiyo jamani anzeni chini. Vua kapeti, gonga kwa bisibisi, ingia kwenye shimo la gereji na tochi. Ni bure na kunatangulia kipimo chochote cha injini. Mimi nilianza juu.

Mama hakuamini mpaka alipokuja mwenyewe, akaingiza kidole. Kisha tukaandika matumizi ya wiki: mafuta, pantoni ya gari na maegesho vilikuwa karibu elfu 11 kwa siku, bajaji na pantoni ya miguu ni elfu 8. Biashara haikuitegemea gari kama tulivyodhani. Kilichomuuma ni usiku mtu akiugua, na hilo sina jibu lake, bajaji saa nane usiku Kigamboni mnaijua.

Kuuza nako kuna mtego. Yule mtu wa baba mdogo alitaka gari pamoja na kadi na akasema hana haja na uhamisho. Nikamwambia baba mdogo kwa heshima zote, shikamoo baba, lakini kadi haitoki. Kadi na namba za gari iliyokatwa zinaweza kuvishwa gari ya wizi, na jina la baba ndio litakaloitwa polisi. Pia jina kwenye kadi ni la marehemu, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio shemeji wala mtoto mkubwa. Mama alikuwa na karatasi yake ya Mahakama ya Mwanzo. Hakikisha pia hakuna deni la faini za trafiki wala maegesho, halafu nenda TRA uombe gari ifutwe kwenye usajili, urudishe kadi na namba.

Tuliikata wenyewe uani na fundi wa pili kwa wiki tatu. Gearboksi, milango, taa, matairi, betri, stata, rejeta, kila kimoja na mteja wake. Na masega! Ile kwenye bomba la ekzosi ina platinamu, paladiamu na rodiamu, ndio maana mafundi wengine wanaitoa kimyakimya gari ikilala gereji. Chungulia chini kabla ya kuacha gari na ukirudi chungulia tena. Ganda lililobaki lilikwenda kwa kilo, na nilikataa "bei ya jumla", nikadai mizani. Jumla ya yote, baada ya kumlipa fundi, 1,560,000. Ada haikuguswa. Baba mdogo alikaa wiki mbili hajaja kula kwetu, sasa anakuja.

Mwenye gari inayochemsha au kunywa oili, pima kompresheni halafu weka namba za silinda zote hapo chini na aina ya injini. Kuna mafundi wanapita humu. Na wa Mwanza na Arusha tuambieni huko chuma kinakwenda ngapi kwa kilo.