Medusa: Umbo, Hatua na Jina

Medusa ni neno lenye makao mawili. Katika visasili vya Wayunani ni mmoja wa Gorgoni watatu, pamoja na dada zake Stheno na Euryale. Nywele zake zilikuwa nyoka, na aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Kati ya watatu hao ni yeye peke yake aliyeweza kufa, na ndiye aliyekatwa kichwa na Perseus. Katika elimu ya wanyama, medusa ni umbo la yavuyavu, ambaye pia huitwa konyeza, anapokuwa mzima: mwili laini wa mwavuli, mdomo upande wa chini katikati, na minyiri ikining'inia pembezoni. Carl Linnaeus alilitumia neno hilo mwaka 1758 likiwa jina la jenasi. Jenasi yenyewe haitumiki tena, na Medusa aurita wake leo ni Aurelia aurita.

Kwa hiyo medusa si aina ya mnyama, bali ni hatua ya maisha. Tofauti hii ndiyo inayopotea mara nyingi, nayo ndiyo msingi wa mengine yote. Faila ya Knidaria, ambamo wamo pia matumbawe na anemoni wa bahari, ina maumbo makuu mawili: polipu, aliyejishikiza mahali mdomo ukiwa juu, na medusa, anayeelea mdomo ukiwa chini. Matumbawe na anemoni hawana medusa kabisa. Kwa Aurelia, yai lililorutubishwa huwa planula, ambaye huogelea kwa vinyweleo hadi atue juu ya kitu kigumu na kuwa polipu. Polipu naye hujigawa kwa mapana, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huachia kijimedusa kiitwacho efira. Pelagia noctiluca huiruka hatua ya polipu. Turritopsis dohrnii hufanya ajabu zaidi: medusa aliyeumia au kukosa chakula huweza kurudi kuwa polipu.

Medusa hupatikana katika makundi kadhaa. Skifozoa, wenye spishi takriban 200, ndio mayavuyavu halisi. Kubozoa wana mwavuli wa pembe nne na macho 24, baadhi yakiwa na lenzi, na miongoni mwao wamo wenye sumu inayoua binadamu. Hidrozoa ni wengi zaidi, na kwa kawaida medusa wao ni wadogo. Staurozoa hukaa wamejishikiza kwa kikonyo maisha yao yote. Physalia, mwenye kibofu cha hewa juu ya maji, ni koloni na si medusa mmoja.

Mwili wa medusa una tabaka mbili za seli, na kati yake mesoglea, ute mzito ambao sehemu yake kubwa ni maji. Moyo hakuna, ubongo hakuna. Neva zimetandazwa kama wavu, na mdomo ndio tundu la kuingizia chakula na la kutolea mabaki. Silaha imo ndani ya seli za kuchoma. Kila seli ina kifuko, na ndani ya kifuko uzi uliojikunja. Kichocheo kikiguswa, uzi hufyatuka na kupenya ngozi ukiwa na sumu. Seli hizo hazihitaji mnyama awe hai, ndiyo maana yavuyavu aliyekufa ufukweni bado huchoma.

Cassiopea andromeda wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi anastahili kutajwa peke yake. Hulala chali kwenye maji mafupi, mikono ya mdomo ikiwa juu, ili mwani unaoishi mwilini mwake upate jua. Sehemu ya chakula chake hutokana na mwani huo. Cassiopeia na Andromeda ni mama na binti wa kisasili kilekile cha Perseus.

Matumizi ya medusa ni machache lakini makubwa. China, Rhopilema esculentum hukaushwa kwa chumvi na shabu, kisha huliwa. Kutoka kwa yavuyavu Aequorea victoria, mwanasayansi Osamu Shimomura alitenga mwaka 1962 protini inayong'aa rangi ya kijani. Yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008, na protini hiyo hutumika katika maabara kuonyesha mahali jeni inapofanya kazi ndani ya seli hai.