Uhamasishaji hauchoti mchanga

Katika kata kama Kitandililo, Makambako, mkutano wa kujenga darasa huzaa maneno mawili: uhamasishaji na nguvu za wananchi, yaani kazi na michango yao wenyewe. Magazetini tunayachanganya, na hapo ndipo ninapopinga.

Hamasa tuliipata kutoka Kiarabu. Ni moto wa moyoni, ari. Kutokana nayo tukapata hamasika, hamasisha, mhamasishaji. Mwenye kuhamasishwa lazima awe na moyo. Ndiyo maana "kuhamasisha rasilimali", msemo uliojaa kwenye ripoti za miradi, unanikera: saruji haina ari, wala shilingi haipandwi na mori. Fedha huchangishwa, mchanga husombwa, vijana huitwa.

Tuliwahi kuyafanya yote mawili, kuhamasisha na kufanya kazi, kwa pamoja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni, watu wakakaa vikundi vikundi kusikiliza na kujadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Redio ilihamasisha, majembe yalikuwa kazi nyingine, yenye vitenzi vyake.

Mwandishi akiandika "wananchi wamehamasishwa kujenga darasa", bado hajaniambia kitu. Wamejenga? Matofali yamechomwa? Ukuta umefika kwenye lenta, au boma linanyeshewa likisubiri bati? Mama aliyebeba maji ya kukorogea udongo tangu alfajiri anastahili kitenzi chake: amebeba. Tukimwandika kuwa "amehamasika", tumemnyang'anya kazi yake na kumpa sifa aliyepiga hotuba.