Saa ya Reli, Kutoka Mombasa hadi Mutindwa

Jua hufika utosini Mombasa dakika 11 hivi kabla ya kufika utosini Nairobi, na dakika 20 hivi kabla ya Kisumu. Kwa karne nyingi tofauti hiyo haikumsumbua mtu. Waswahili wa pwani walihesabu saa kwa macheo na machweo ya mji wao wenyewe, na adhana ya magharibi ya Lamu haikuwa na haja ya kulingana na ya Mombasa. Msafara wa kutoka pwani hadi ziwani ulitembea kwa miezi. Dakika 20 zilipotelea njiani.

Reli ndiyo iliyoleta haja ya kuwa na "sasa" moja. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Njia ilikuwa moja tu, kwa hiyo treni ya kupanda na ya kushuka zilipishana stesheni, na aliyeruhusu treni kuondoka alipaswa kujua kwa yakini ile nyingine iko wapi wakati huohuo. Waya wa simu uliosimamishwa sambamba na reli ulimpa jibu hilo. Saa za stesheni zikitofautiana, roho za watu zilikuwa hatarini.

Serikali ya kikoloni nayo ikaingia. Mei 1908 saa rasmi iliwekwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, karibu sana na jua la Nairobi, ambalo hutangulia Greenwich kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16. Mambo hayakuishia hapo. Julai 1928 ikawa saa tatu kamili, Januari 1930 ikarudishwa saa mbili na nusu, mwaka 1937 ikawa saa mbili na dakika 45, na Agosti 1942 ikatulia kwenye saa tatu, ilipo hadi leo. Alama ya uamuzi huo inaonekana bado. Katika mtaa wa Umoja, jijini Nairobi, kivuli cha nguzo ya umeme hufupika kabisa si saa sita kamili mchana bali kama saa sita na nusu.

Mabadiliko yote hayo yalihusu majina tu. Aliyesema saa sita na aliyesema saa sita kasorobo waliweza kuzungumzia tukio lilelile, na hesabu ndogo ya kutoa na kujumlisha ikawapatanisha. Mwaka 1905 Albert Einstein, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, aliuliza swali zito zaidi: matukio mawili yaliyo mahali tofauti yanaitwaje sawia? Naye alianza na treni inayoingia stesheni saa moja. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1917 kwa wasomaji wa kawaida, aliongeza treni iliyopigwa na radi mbili.

Jaribio hilo la mawazoni linaweza kufanywa Mutindwa, ukingoni mwa Umoja, ambako tawi la reli lililofika Thika mwaka 1913 hupita kando ya vibanda vya mboga na mitumba. Treni ya abiria inaelekea Dandora. Radi moja inapiga kichwa cha treni, nyingine inapiga behewa la mwisho, kila moja ikiacha doa jeusi relini. Muuza sukumawiki aliyesimama katikati ya madoa hayo mawili anaona mimweko yote kwa pamoja, hivyo kwake radi zilipiga sawia. Abiria aliyeketi katikati ya treni anaukimbilia mwanga wa mbele na kuukimbia wa nyuma, hivyo wa mbele unamfikia kwanza. Kwa kuwa yuko katikati kamili, na mwanga una kasi ileile kwa kila mpimaji, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, lazima akate shauri kwamba radi ya mbele ilitangulia. Wote wawili wamepima sawasawa. Kila mmoja ana fremu yake ya marejeo, yaani pale alipo pamoja na saa na rula zake, na hakuna gazeti rasmi la serikali linaloweza kuteua fremu iliyo ya kweli zaidi.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Kwa treni ya mita 200 iendayo kilomita 60 kwa saa, wawili hao wanapishana kwa sehemu 37 za sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Ndiyo maana wasimamizi wa reli hawakuihisi kamwe.

Saa za setilaiti za GPS, hata hivyo, huhisi athari za nadharia ya Einstein. Kasi ya setilaiti huzichelewesha mikrosekunde 7 kwa siku, na uvutano hafifu wa huko juu huziharakisha 45, kwa hiyo hutangulia zile za ardhini kwa mikrosekunde 38. Zisiporekebishwa, kosa la umbali hukua kwa kilomita 11 hivi kila siku, karibu sawa na safari ya kutoka Umoja hadi katikati ya jiji. Marekebisho hayo huwekwa kwenye saa kabla ya setilaiti kurushwa, na dereva wa bodaboda wa Innercore, sehemu ya Umoja, anayemtafuta mteja kwa ramani ya simu huyatumia kila siku.