Rubani: Neno la Bahari Lililopanda Angani

Kabla ndege ya kwanza haijanguruma juu ya mwambao wa Afrika Mashariki, neno la kumwita mwendeshaji wake lilikwisha kuwako. Rubani, neno lenye asili ya Kiarabu, makazi yake ya kwanza yalikuwa baharini. Alikuwa yule ajuaye njia, miamba, mikondo na nyota, ambaye nahodha humwachia chombo mahali penye hatari. Mwaka 1498 Sultani wa Malindi alimpatia Vasco da Gama rubani wa kumvusha hadi Calicut. Wareno walikuwa na mizinga, lakini njia hawakuwa nayo. Katika karne hiyo hiyo ya 15, Ahmad bin Majid, bingwa wa ubaharia kutoka Julfar, alitunga elimu ya safari kwa beti, na utungo wake mmoja hueleza njia ya pwani hii hadi Sofala. Urubani, basi, ulikuwa elimu iliyohifadhiwa kwa vina kabla haujawa cheti chenye muhuri.

Karne ya 20 ilipoleta chombo cha angani, Waswahili hawakupata taabu ya kukitajia viungo vyake. Chenyewe kiliitwa ndege, kikapewa mabawa na mkia. Dira na usukani viliazimwa jahazini, na pamoja navyo akaazimwa rubani. Hapakuwa na uongo katika maazimo hayo. Ndege ndogo za wakati ule, kama Gipsy Moth ya Uingereza, zilikuwa na mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa, nayo yaliweza kukunjwa nyuma ili chombo kilazwe bandani, mfano wa mashua iliyotuliwa tanga. Mji wenye jina lifananalo na tanga ungeweza kumpokea mgeni huyo kama jamaa.

Lakini kama neno lilikuwa la pwani, kiti hakikuwa cha watu wa pwani. Mwaka 1929, mjini Nairobi, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na Tom Campbell Black akawa rubani wake mkuu. Katika miaka ya 1930 ndege zake zilishuka pwani zikichukua barua na abiria wachache, zikiziunganisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Pembeni mwa kampuni hiyo walikuwako watu waliomiliki ndege zao wenyewe. Gipsy Moth mpya iliuzwa Uingereza kwa takriban pauni 650, fedha ambayo mkata mkonge wa Pangani asingeiona hata angefanya kazi umri wake wote.

Miongoni mwa wamiliki hao alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, kaskazini ya Mombasa. Ndege yake ililetwa kwa meli mwaka 1930, naye akaitumia kwa matembezi, kwa kutafuta tembo kutoka juu, na kwa kushukia pwani. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi. Punde ndege ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton alizikwa katika vilima vya Ngong, akaandikiwa vitabu na kuchezwa katika sinema. Lakini hakufa peke yake. Ndani ya chombo kile alikuwamo mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, na simulizi nyingi humwacha hapo hapo, kwa jina moja tu. Katika jahazi, msiba kama huo ungetajwa kwa nahodha na mabaharia wake pamoja. Angani, kwa miaka mingi, mwenye ndege alikuwa na historia, na aliyeketi pamoja naye alikuwa na mauti tu.

Yale yaliyompasa rubani mpya kuyajua, hata hivyo, yalikuwa yale yale ya kale. Kati ya Mombasa na Tanga mna takriban kilomita 130. Gipsy Moth ya mwendo wa kilomita 140 kwa saa huzimaliza kwa muda usiotimia saa moja. Ikikabiliwa na kusi ya kilomita 40 kwa saa, safari hupita saa moja na robo, na mafuta hupungua kwa kadiri hiyo. Tofauti ni kwamba jahazi hupenda upepo wa nyuma, ilhali ndege huruka na kutua vyema ikiuelekea upepo uso kwa uso. Alama za njia nazo ni zile zile: ukingo wa povu juu ya miamba, mdomo wa Mto Pangani, milima ya Usambara upande wa bara, na kisiwa cha Maziwe, ambacho zamani kilikuwa na miti na sasa ni fungu la mchanga. Ng'ambo ni Pemba, na katikati mkondo wenye upana wa kiasi cha kilomita 50 na kina cha mamia ya mita. Mwenye injini moja akiuvuka hujua kwamba chini yake hapana uwanja. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Rubani wa ndege ndogo husoma hali ya hewa mapema ili methali hiyo isimhusu.

Kiti kilianza kubadili wenyewe polepole. Shirika la East African Airways lilianza kazi mwaka 1946. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, herufi VR-T zilizoandikwa ubavuni mwa ndege za nchi ziliziachia nafasi 5H. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, na vijana wa nchi tatu wakajifunza kuruka pasipo kulazimika kuwa na baba tajiri. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la ndege nalo likafa, na Tanzania ikaunda lake.

Sheria za kimataifa humtaka mwanafunzi wa leseni ya binafsi awe ametimiza miaka 17, apimwe afya, aruke kwa kawaida saa zisizopungua 40, na baadhi yake aruke peke yake. Tangu mwaka 2008 rubani wa safari za kimataifa hupimwa pia Kiingereza chake. Haya ni kwa usalama, wala hayana ubaya. Ila kila saa moja ya mafunzo ina bei yake, na bei hiyo bado huchuja watu kuliko mtihani wenyewe.

Ndege ndogo zimekwisha kuuzoea mkondo wa Pemba, na abiria anayetoka Tanga hufika kisiwani kwa muda usiofika nusu saa, akipita juu ya maji ambayo babu yake aliyavuka kwa kungoja upepo. Abiria huyo humwita aliye mbele yake rubani, kwa neno lile la bahari. Neno halikuondoka mikononi mwa watu wa pwani hata siku moja. Usukani ndio uliochelewa kurejea.