Kipakatalishi cha michezo kinapochemka: Jinsi ya kutambua kiini na tiba

VIPAKATALISHI vya kuchezea michezo ya video huuzwa ghali kuliko vile vya kawaida, lakini ndivyo vinavyoandamwa zaidi na maradhi ya joto.

Sababu ni maumbile yake. Ndani ya umbo jembamba mna vichakataji viwili vyenye nguvu: kile kikuu na kile cha kuchora picha. Kwa pamoja vinaweza kula zaidi ya wati 150 mchezo unapopamba moto, na takriban umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Joto hilo hubebwa na mirija ya shaba hadi kwenye mapezi membamba, ambako feni hulisukuma nje.

Njia hiyo ikizibika popote, mashine huanza kuteseka.

Dalili

Nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi wakati wa mchezo si za kutia hofu. Hata hivyo, vichakataji vikuu vingi hujipunguzia kasi vinapofikia nyuzi kati ya 95 na 105. Hapo ndipo mchezo uliokuwa ukionyesha picha 60 kwa sekunde huanza kukwamakwama, na hatimaye mashine hujizima ghafla. Kuzima huko ni kinga. Ugonjwa wenyewe uko kwingine.

Kabla ya kushika bisibisi, mwenye mashine anashauriwa kupima. Programu kama vile HWiNFO na HWMonitor huonyesha joto la kila kichakataji. Vipimo vichukuliwe mashine ikiwa imetulia, kisha baada ya dakika 20 za mchezo.

Kusoma vipimo

Joto likiwa juu hata pasipo mchezo, huenda kuna programu inayofanya kazi kichinichini, au virusi. Likipanda polepole hadi kileleni, hewa haipiti: vumbi limejaa au matundu yamezibwa. Likiruka hadi kikomo kwa sekunde chache tu, aghalabu grisi inayopitisha joto kutoka kwa kichakataji hadi kwenye shaba imekauka. Nayo feni isiposikika kabisa wakati wa mchezo, yaelekea imekufa.

Hali ya hewa pia ina mchango wake. Feni haiwezi kuipoza mashine kuliko hewa inayoivuta. Kwa hivyo, kipakatalishi kilicho salama Limuru chaweza kulemewa Mombasa, ambako chumba kina joto zaidi.

Tiba, kuanzia iliyo rahisi

Kwanza, mashine iondolewe kitandani, kwenye mto au mapajani. Matundu mengi ya kuvutia hewa yako chini, na kitambaa huyaziba. Meza ngumu, na kuinua upande wa nyuma kwa sentimita mbili au tatu, huleta nafuu bila gharama.

Pili, mzigo upunguzwe. Mchezo uwekewe kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Aidha, katika mashine nyingi za Windows, kushusha kiwango cha juu cha kichakataji kutoka asilimia 100 hadi 99 kwenye mipangilio ya umeme huzima ile kasi ya ziada inayozalisha joto jingi.

Tatu, vumbi lisafishwe. Mashine izimwe, chaja ichomolewe, na betri itenganishwe ikiwezekana. Hewa ya kopo ipulizwe kwa vipindi vifupi huku mabawa ya feni yakizuiwa yasizunguke, kwani kuzungushwa kwa kasi kunaweza kuyaharibu.

Nne, grisi ibadilishwe. Ile kuukuu hufutwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha mpya ikapakwa kwa kiasi kidogo. Asiye na ujuzi amwachie fundi, na aliye na waranti aulize kwanza iwapo kufungua kifuniko kutaibatilisha.

Hatari isiyopuuzwa

Betri ndiyo ya kuchungwa zaidi. Joto la muda mrefu huichakaza, na ikiharibika yaweza kufura. Kibao cha kipanya kikiinuka au kifuniko kikiachana, mashine izimwe, isichajiwe tena, na betri isitobolewe kamwe.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mnamo Agosti 2006, kampuni ya Dell iliagiza kurejeshwa kwa betri milioni 4.1 za vipakatalishi zilizotengenezwa na Sony, baada ya baadhi kushika moto.

Wanaonunua mashine zilizotumika wana sababu zaidi ya kuwa macho, kwani hawajui ililala wapi na ilisafishwa lini. Ni vyema waombe kuijaribu kwa mchezo mzito kwa dakika 20 kabla ya kulipa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuondoa vumbi kila baada ya miezi sita, au mitatu katika maeneo yenye vumbi jingi, ni nafuu mno kuliko kununua bodi kuu mpya.